Mwache Asimame Anavyotaka

Mzee wa huku kwetu Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, akija kupigwa picha hacheki. Anavua kofia, anaipangusa, anaivaa tena. Anaketi wima, viganja juu ya magoti, na akishatulia haongei mpaka asikie kamera imelia. Anataka aonekane mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Ukimkata miguu atakurudishia picha yako, na ana haki, maana viatu vile vilipigwa rangi asubuhi ile kwa ajili ya picha hiyo hiyo.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi huona huo ni ushamba. Wametazama video nyingi za wapiga picha wa Ulaya na Marekani, wakaamini kwamba picha nzuri ni ile ya mtu asiyejua kama anapigwa: kageuka, anacheka, shela inapepea. Basi mzee akikaa wanaanza kumbembeleza. "Mzee, tabasamu kidogo! Mzee, legeza mabega!" Mzee anajilazimisha, meno yanatoka, macho yanabaki yalivyokuwa, na inayopatikana ni sura ya mtu ambaye hajawahi kuishi katika nyumba ile. Wajukuu wakiiona wanauliza huyu ni nani.

Nawaambia waache. Kuketi wima mbele ya kamera ni kauli. Mzee anasema: nimelea, nimejenga, nimezika wangu, na sasa nitazameni. Hakuja kucheka na wewe, wala hana deni la furaha kwako. Ninachokiamini kuliko chochote katika kazi hii ni kwamba picha ni ya aliyepigwa kwanza, ndipo iwe kazi ya aliyeipiga. Mwanga ni juu yangu. Lenzi ni juu yangu. Jinsi mtu anavyotaka kuonekana duniani ni juu yake mwenyewe, na nikimnyang'anya hilo nimemwibia, hata kama picha imetoka nzuri kiasi gani.

Wala hili halikuanzia kwetu. Mpiga picha Seydou Keïta wa Mali alipofungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliweka humo suti, saa, redio, hata pikipiki ndogo, na mteja akachagua apigwe na nini. Zanzibar, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe imekuwa ikipiga watu tangu 1930. Hapa Uganda studio nyingi za mijini zilikuwa za Wahindi, na Idi Amin alipowapa siku 90 za kuondoka mwaka 1972, kamera na vyumba vya giza vya kusafishia picha vikabaki kwa waliokuwa wasaidizi wao au vikafa kabisa. Waliorithi wakaendelea na mtindo ule ule: pazia la nyuma lililochorwa, kiti kimoja kizuri, koti la kuazima linaloning'inia kwenye msumari. Mtu aliyevaa koti la studio hakuwa anadanganya. Alikuwa anajipa heshima ambayo mshahara wake ulikuwa haujamfikisha.

Kuna picha za Gulu ambazo kila ninayemfundisha namwonyesha. Studio moja ya mji ule ilikuwa na mashine iliyotoa picha nne za kitambulisho kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Mwenye studio akapata njia: alimpiga mtu picha ya kawaida, amekaa kitini, akaisafisha, kisha akaukata uso kwa kikatio, akampa mteja kipande kile kidogo cha kupeleka ofisini. Iliyobaki akaitupa kando. Mpiga picha wa Kiitaliano, Martina Bacigalupo, aliyaona mabaki yale, akayakusanya, na mwaka 2013 yakaonyeshwa New York. Ni mtu baada ya mtu, na mahali pa uso pana tundu la mstatili.

Itazame moja kwa utulivu. Koti la studio linapwaya mabegani. Mikono imekunjwa mapajani, kidole kimoja kinashika kingine. Mama mmoja amempakata mtoto, na mtoto yumo nusu ndani ya tundu. Ofisi ilitaka uso tu, na kila aliyekaa pale alijua kinachotakiwa ni uso tu. Lakini walikaa vizuri wote, mpaka magotini, kwa sehemu ya picha ambayo ingetupwa. Huwa nawauliza wanafunzi wangu: nani aliwaambia wakunje mikono?

Nije kwa wapendanao, maana ndio wanaonilisha. Harusi siku hizi ina mtu wa video, na mtu wa video ana sauti. "Bwana harusi, mshike kiuno! Bibi harusi, mlalie kifuani! Mtazamane machoni, hivyo hivyo, msicheke!" Wakwe wamekaa hatua chache, shehe au kasisi hajamaliza hata soda yake, na bibi harusi anageuza shingo kwa aibu mbele ya baba yake. Picha inatoka kama za majarida. Baada ya mwezi nakwenda kuwatembelea, nakuta ukutani haipo. Iko kwenye simu, imefichwa.

Kwa hiyo kabla ya harusi nawaita wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, nawauliza swali moja tu: hii picha itatundikwa wapi, na nani ataiona kila siku? Picha ya sebule ya mama mkwe ina heshima zake. Picha ya chumbani ina uhuru wake. Ya kutuma kwa rafiki aliye Juba au Kampala ina mbwembwe zake. Nikishajua, nawapiga zote tatu kwa nyakati tofauti na mahali tofauti. Ya sebuleni naipiga mapema, mbele za watu, wakiwa wima. Ile ya uhuru tunaiendea jioni, wao na mimi na mdogo wake bibi harusi wa kushika gauni, pengine uwanja wa gofu, pengine barabarani tu chini ya miti, na wakifika huko hakuna haja ya kumwambia mtu amshike mwenzake.

Mwaka jana walinijia Haji na Hajati, wazee, wana wajukuu wakubwa, na hawakuwa na picha hata moja ya wawili peke yao. Zote walizonazo zimejaa watoto. Wao ni Wanubi, na Hajati alikuja na gurbaba mpya, vazi la wanawake wao, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Haji kanzu na koti. Nikaweka viti viwili kwenye veranda yao, chini ya zile tabaga za rangi ambazo Hajati amezisuka mwenyewe na kuzitundika ukutani. Hajati akavitazama viti, akakisogeza chake kando, nafasi ya kiganja katikati. Sikuvigusa. Wakaketi, wakanyamaza, wakaikazia kamera macho.

Nilikuwa tayari nimepiga moja, Hajati akageuka, akamnyoosha Haji ukosi wa koti kwa vidole viwili, akarudi kwenye ukimya wake. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Kamera ilikuwa usoni, na hiyo nayo nikaipata. Nikawaonyesha zote mbili, nikawaambia wakitaka naifuta hii ya pili sasa hivi. Haji aliitazama kwa muda mrefu, akatazama pembeni. Akasema ile ya wima ikuzwe, iwe ya ukutani. Hii nyingine anaomba ndogo, ya kukaa kwenye pochi.

Ningemwambia Hajati "mguse mzee" nisingeipata kamwe.

Sasa mwanga, kwa sababu heshima bila ufundi haimfai mtu. Jua la huku, kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, linamwagika utosini. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli juu ya mdomo, kipaji cha uso kinang'aa peke yake. Wengi hukimbilia chini ya mwembe, na mwembe ni mzuri, ila majani yana rangi yake: mwanga unaopita humo unaufanya uso uwe na ukijani kidogo, na nyasi chini zinaongeza. Nakwenda na shuka jeupe, naliweka karibu na mtu kando ya kamera, lirudishe mwanga safi. Nikikosa mwembe natafuta veranda. Mtu asimame ndani kidogo ya ukingo wa kivuli, uso kwenye ua ulio wazi. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua unarudisha mwanga wa joto, unapanda taratibu mpaka chini ya kidevu na ndani ya macho. Sijaona taa ya dukani inayofanya hivyo. Jioni nayo ni nzuri lakini haina subira. Sisi tuko karibu na ikweta, jua likianza kushuka halikawii, na kabla ya saa moja na nusu giza limeshaingia. Wapendanao wanaokuja wamechelewa kwa sababu ya saluni wanalipia kwa mwanga.

Halafu kuna suala la ngozi, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote ya ufundi. Kamera haijui inamtazama nani. Inapima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mpe bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe: kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na gauni linatoka zuri lenye kila ushanga, uso ukabaki kivuli. Mpe bwana harusi mweusi, suti nyeusi, ukuta wa giza: inaongeza mpaka uso unakuwa wa majivu. Dawa yake si ngumu. Unapima usoni, uso peke yake, halafu unalinda gauni kwa kumweka mahali ambapo jua haliligongi moja kwa moja. Lakini lazima uamue kwamba uso ndio unaoanza.

Wakati wa filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi, na si kwa bahati. Kwa miaka mingi maabara za picha ziliweka sawa rangi zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi walizoziita Shirley, jina la mmoja wa wale wanawake wa mwanzo. Ngozi yake ilikuwa ndiyo kipimo cha "sawa". Picha ya darasa lenye watoto weusi na weupe ilitoka na weupe wana sura, weusi wana macho na meno. Watu walilalamika, lakini walioanza kuisukuma kampuni kwa nguvu miaka ya 1960 na 1970 walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautiane kwenye matangazo. Baadaye filamu zikaboreshwa, na Kodak ikaitangaza mojawapo kwa kusema inaweza kumpiga farasi mweusi kwenye mwanga hafifu ukamwona vizuri. Nikifungua albamu za miaka ile na kuona shangazi zetu wamegeuka vivuli, silaumu mpiga picha wa kijijini. Alipewa kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya watu wake.

Hapa imani yangu inapata mtihani. Siku hizi wateja wengi wananiomba niwang'arishe. Wanasema "nitoe mweupe kidogo", na simu zimewazoesha, maana programu nyingi za kamera zinafanya hivyo bila hata kuulizwa. Nimesema picha ni ya aliyepigwa. Basi akitaka kuwa mweupe mimi ni nani nimkatalie?

Nimelifikiria sana na hivi ndivyo ninavyofanya. Kwanza namchapia picha yake ilivyo, kwenye karatasi nzuri, iliyopimwa usoni, rangi ya ngozi imekaa pale pale ilipo, na ule mng'ao wa shavu ambao ngozi nyeusi inao kuliko ngozi yoyote. Naiweka mezani. Simsemeshi. Wengi wananyamaza, wanaishika, wanasema tuache hivi hivi. Nadhani walichokuwa wanakikimbia si rangi yao, ni ile picha ya majivu waliyozoea kupigwa na watu wasiopima. Wachache bado wanataka kung'arishwa, na hao nawafanyia kidogo, kwa sababu sikuwa natania niliposema ni mali yao. Lakini kwa mtoto sifanyi. Mama akiniletea binti mdogo akaniambia nimfanye mweupe, ninamrudishia pesa zake.

Picha za ukoo zina serikali yake. Mpiga picha mgeni hufika akaanza kupanga kwa kimo, wafupi mbele, warefu nyuma, na kabla hajamaliza ameshamtoa mke mkubwa mahali pake na kumweka mtoto wa kulelewa kando kama mpita njia. Mimi nikifika namtafuta shangazi. Kila ukoo una shangazi mmoja anayejua: nani hukaa kulia kwa babu, nani na nani hawajapatana tangu msiba uliopita, mtoto yupi wa mjini analelewa na bibi na kwa hiyo ni wa hapo hapo miguuni kwa bibi. Shangazi anapanga watu, mimi napanga mwanga. Ninachomwomba ni mkeka mbele, benchi katikati, na safu ya nyuma isimame, halafu mimi narudi nyuma kadiri ua unavyoruhusu. Nikikaa karibu na lenzi pana, waliopo pembeni wanavutwa wanakuwa wapana, na aliyetoka Nebbi kwa basi la alfajiri hastahili hilo.

Kisha wanaletwa wasiokuwepo. Mwanaume anainua simu yenye uso wa ndugu yake aliye Australia. Mjane anaweka mapajani fremu ya mume. Ndipo mara nyingi katika familia za West Nile, mkoa wetu huu, panapotokea ukimya fulani, kwa sababu babu hana picha.

Sababu yake wenyeji tunaijua. Amin alianguka Aprili 1979. Jeshi jipya lilipoingia huku, watu wa mkoa huu walibebeshwa makosa ya mtu mmoja mwenye asili ya kwao. Kuanzia mwisho wa 1980 mamia ya maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan. Ombaci, nje kidogo ya mji, waliojikinga misheni waliuawa tarehe 24 Juni 1981. Nyumba zilichomwa. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani habebi albamu. Waliporudi miaka iliyofuata walikuta kuta. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha watu wa makamo hapa Arua, Koboko na Yumbe ambacho hakijui sura ya babu, na wengine hawana hata picha moja yao wenyewe wakiwa watoto. Mtu anaponiuliza kwa nini watu wa huku wanaichukulia picha kwa uzito namna hii, namjibu hivyo.

Na bado tunaendelea kuwapoteza wazee bila picha, wakati kila mfuko una simu. Hii inaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Kijana anakuja usiku, mazishi ni kesho, anataka picha kubwa ya baba ya kuweka mbele ya jeneza na ya kuchapa kwenye fulana. Nauliza anayo ipi. Ananipa kitambulisho cha taifa.

Picha ile ilipigwa foleni ikiwa ndefu, pengine mwaka 2014 watu walipoandikishwa kwa wingi, mzee kafika tangu asubuhi na amechoka. Ni ndogo kama kucha ya dole gumba. Ukiikuza inakuwa vitone. Naanza na macho, kwa sababu macho yakikubali uso wote unafuata: naondoa mikwaruzo ya kadi, naacha mikunjo, natafuta mstari wa kope ambao mashine iliuchanganya na kivuli. Kijana amesimama nyuma yangu ananielekeza. Baba alikuwa na kovu hapa, juu ya nyusi, aliangukia jembe akiwa mdogo. Kwenye kadi kovu halionekani, mwanga wa siku ile ulikuwa wa mbele moja kwa moja na umelifuta. Sikulichora. Nilimweleza kwamba kovu la mtu sikisii. Akakubali, lakini niliona alivyoumia, na mimi niliumia naye.

Siku hizi zipo programu zinazodai kufufua picha kama hizo. Unaingiza uso wenye vitone, unatokea uso safi wenye kope na meno. Nimeyaangalia meno yale. Si ya mzee. Ni ya mtu asiyekuwepo popote, ameazimwa kuziba pengo, na familia iliyo kwenye majonzi inaupokea uso ule na kuulilia. Mimi sizitumii kwa marehemu, na nawaomba wenzangu wasizitumie. Heri vitone vya kweli.

Ndiyo maana wazee nawafuata nyumbani. Sisubiri waje mjini. Naenda na kiti cha kukunja, shuka, na kamera, napiga anavyotaka apigwe, na mchapo nauleta mwenyewe. Nachapa, simtumii kwenye simu tu. Simu inaibwa, inaanguka majini, inabadilishwa, na namba ya siri anaijua marehemu peke yake.

Wageni nisiowajua ndio waliobaki, na kwao sheria yangu ni kali zaidi. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda kule Kampala yalionyesha picha za enzi ya Amin, zilizochaguliwa kutoka filamu hasi makumi ya maelfu zilizokuwa zimelala kwenye shirika la utangazaji la taifa. Zilipigwa na wapiga picha wa serikali, mafundi wa kweli, umakini wao unaonekana. Zimo za watu waliokamatwa kwa magendo, wamepangwa mbele ya kamera pamoja na bidhaa zao. Hao hawakuulizwa wakae vipi. Wengi hawana hata jina. Nikizitazama najua kabisa tofauti kati ya mtu aliyekaa apigwe na mtu aliyesimamishwa apigwe.

Leo hatuna jeshi linalopanga watu hivyo mbele yangu, lakini nenda Rhino Camp, nenda Bidibidi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 2016 wakati watu wa Sudan Kusini walipokuwa wakimiminika Yumbe. Watoto wa kule wamepigwa picha kuliko watoto wa mawaziri. Wamepigwa wakinywa uji, wakiwa kwenye foleni ya maji, wakiwa wamebeba madumu. Waulize wazazi wao wangapi wana picha moja ya mtoto wao mkononi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, na ya mzazi kwa mtoto, lakini ridhaa inayotolewa na mtu anayesubiri mgao wa chakula ni nyepesi sana. Ninapokwenda mimi, natundika pazia kwenye mti, naweka kiti, nakaa. Anayetaka anakuja. Mama hurudi kwanza nyumbani, anawaogesha watoto, anawapaka mafuta, anawavika nguo za kanisani, na wanapanga foleni wakiwa wameng'aa. Kwa Wakongomani tunaelewana kwa Kiswahili, cha kwao na cha kwangu, na kwa Wasudani Hajati mmoja wa Kinubi hunisaidia kwa kuwa lugha zao zinakaribiana. Naondoka bila picha yoyote ya dhiki, na wiki inayofuata narudi na michapo.

Sokoni ni vivyo hivyo. Kuna mama anayeuza angara, wale samaki wakavu wa Nile, amewapanga kwenye sinia kwa ustadi ambao mchoraji angeuonea wivu. Mwanga wa asubuhi unapita kwenye upenyo wa mabati, unamwangukia yeye na samaki wake. Nilimwomba. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, na aproni hii? Kwani mimi sina nguo?" Nikamwomba radhi kwa kumsumbua, nikanunua samaki, nikaondoka bila picha. Akaniita. Nije Jumapili, baada ya misa, nyumbani kwake.

Nilikwenda. Alikuwa amevaa gomesi ya kijani, mkanda umefungwa vizuri mbele, watoto wote wamenyolewa. Akaketi katikati, akaagiza apigwe mpaka viatu. Hakucheka. Tulipomaliza na watoto wametawanyika, aliniuliza kama bado ile ya sokoni naitaka. Nikasema naitaka sana. Akasema nije kesho asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi, sasa anaweza kunipa na ile ya aproni. Ila nichape nakala mbili, moja yake, na samaki waonekane wote.